Baba ana doa jeupe mdomoni na hataki kurudi kwa daktari wa meno. Nimsaidieje?

«Shikamoo daktari. Naishi Kibaigwa, baba yangu yuko kijijini huko huko wilaya ya Kongwa. Ana miaka 63 na anabwia ugoro tangu kabla sijazaliwa, anauweka kati ya mdomo wa chini na fizi. Mwezi wa tano nilimpeleka kung'oa gego. Daktari alipomaliza akamvuta mdomo chini, akaona doa jeupe lenye mikunjo, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, na pembeni yake pana kisehemu chekundu. Akamwambia aache ugoro na arudi baada ya wiki mbili. Sasa ni wiki ya saba. Baba hataki kusikia. Anasema hapaumi, ila akila pilipili panawasha. Baba mdogo naye amemtia hofu: jirani yetu aling'olewa jino, kidonda hakikupona, kikavimba, mwaka haukuisha tukamzika. Anasema vitu hivi vikiguswa na kisu ndipo vinapoamka. Tena wanasema ugoro hauna moshi, saratani ni ya wavuta sigara, na kwamba mzee aliyezoea miaka 40 akiacha ghafla anaweza kufa. Meno yake nayo ni ya kahawia, sijui kama yanahusika. Naogopa. Nimsaidieje?»

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: baba arudi kwa daktari wa meno wiki hii. Arudi hata kama bado anabwia ugoro. Arudi hata kama anaona aibu kwa sababu aliambiwa aache na hakuacha. Nakuomba umwambie hivyo hivyo, kwamba hakuna atakayemgombeza, kwa sababu nina wasiwasi kuwa sehemu ya kukataa kwake ni hiyo tu. Mtu mzima hapendi kwenda kuulizwa kama mtoto wa shule kwa nini hakufanya kazi aliyopewa.

Sisemi ana saratani. Kwa maelezo pekee siwezi kusema hivyo, na hata ungenitumia picha ya simu nisingeweza. Ninachosema ni kwamba doa jeupe lenye wekundu pembeni, mahali pale pale panapowekwa ugoro, lililomaliza wiki 7 bila kuondoka, linahitaji macho na vidole vya mtaalamu, na kwa maelezo yako huenda likahitaji kukatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kisehemu hicho chekundu ndicho kilichonifanya nikujibu leo badala ya kukuweka kwenye foleni ya maswali. Nitaeleza sababu.

Kwanza nimzungumzie jirani yenu, marehemu, maana naona kisa chake ndicho kilichoziba njia ya baba. Nakiamini. Wagonjwa wangu kutoka Manyoni, Mpwapwa na Chemba wamenisimulia visa vinavyofanana nacho mno: mtu kang'olewa jino, kidonda kikagoma kupona, akafa. Watu hupanga mambo kwa jinsi walivyoyaona yakitokea. Jino lilitangulia, kidonda kikafuata, kifo kikaja mwisho, basi koleo la daktari ndilo lililoleta balaa. Mara nyingi, lakini, ugonjwa ulikuwepo kabla ya koleo. Saratani inayoota kwenye fizi hula mfupa unaoshikilia jino. Jino ambalo halijatoboka, halina kasoro ya kuonekana, linaanza kucheza. Mwenyewe anaona kero, anaenda kuomba ling'olewe. Likitoka, lile shimo ambalo kwa kawaida lingeanza kujifunga ndani ya wiki moja au mbili halijifungi, maana kilichomo ndani si kidonda cha jino. Nyama inaanza kuota kutokea shimoni, inavuja damu kwa urahisi, na hapo ndipo familia inaona ugonjwa kwa mara ya kwanza, ingawa ulikuwa umekaa humo miezi mingi.

Hapa niseme na ukweli unaotugusa sisi watu wa meno. Wagonjwa wa namna hiyo wakati mwingine wamepita mikononi mwetu, jino likang'olewa bila mtu kujiuliza limelegea kwa nini. Kiti ni kimoja, watu 30 wamekaa nje kwenye benchi, kila mmoja ameshika shavu. Nayajua mazingira hayo na bado siwezi kuyatumia kama udhuru, kwa kuwa aliyeumia ni mgonjwa. Aliyemhudumia baba yako alifanya inavyotakiwa. Alimaliza gego lililomleta mzee, kisha akavuta mdomo chini akatazama. Hakulipwa zaidi kwa kufanya hivyo. Alikuwa anamchunguza saratani ya kinywa, na huenda baba hakujua kabisa kwamba anachunguzwa.

Sasa tuje kwenye kisu. Baba mdogo anasema vikiguswa vinaamka. Kukata kinyama ni hivi: sehemu inachomwa sindano ya ganzi, ile ile aliyochomwa siku ya gego. Daktari anachukua kipande kidogo, mara nyingi kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi, kutoka ukingoni mwa doa ili maabara ione penye ugonjwa na penye afya kwa pamoja. Anashona uzi mmoja au miwili. Kipande kinawekwa kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, anayekikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini. Baba anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda chake kitakuwa kidogo kuliko kile cha gego.

Saratani ya kinywa haisambai kwa kuwa imetambuliwa. Inasambaa kwa sababu seli zake zinaendelea kugawanyika, zinapenya kwenda chini, zinafikia mishipa midogo ya limfu na kuhamia kwenye tezi za shingoni. Inafanya hivyo kisu kikiwepo au kisiwepo. Imani ya kwamba kisu ndicho kinachoamsha imetokana na jambo la kusikitisha: watu wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatembea, wanafanyiwa upasuaji wakiwa wamechelewa, wanafariki, na kisu kinabeba lawama ya miezi iliyopotea. Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri za wagonjwa, saratani ya kinywa ikikutwa bado ndogo na haijafika kwenye tezi, takriban wagonjwa wanane kati ya kumi huwa hai baada ya miaka 5. Ikikutwa imeshasambaa, idadi hiyo inashuka sana. Ndiyo maana nahesabu wiki.

Kuhusu doa lenyewe, mfikirie mtu anayelima kwa jembe la mkono. Kiganja chake kinafanya sugu, kwa sababu ngozi ikisuguliwa kila siku hujiongezea matabaka ili ijilinde. Ngozi laini ya ndani ya mdomo nayo hufanya sugu ikichomwa kila siku na ugoro, ila sugu ya mdomoni inalowa mate, na ikilowa inaonekana nyeupe na yenye mikunjo, kama vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima. Madoa mengi ya namna hii hayafikii kuwa saratani. Mengine, hasa yale mepesi na laini, hupungua au kutoweka kabisa ndani ya wiki chache mtumiaji akiacha ugoro. Kwa hiyo agizo la «acha, urudi baada ya wiki mbili» lilikuwa na akili yake: ngozi ya ndani ya mdomo hujifanya upya kwa muda wa takriban wiki mbili, na kitu kilichosababishwa na mchubuko au mchomo wa kawaida kinatakiwa kiwe kimebadilika ndani ya muda huo.

Wekundu ni habari nyingine. Panapokuwa pekundu, ngozi imekuwa nyembamba kiasi kwamba damu ya chini yake inaonekana. Badala ya kujiongezea matabaka, imeshindwa hata kuyatengeneza yale ya kawaida. Hiyo yaweza kuwa fangasi, au mchomo wa ugoro wenyewe, au jino lililochongoka linakwaruza. Lakini madoa mekundu yasiyo na sababu ya wazi, yakipimwa, mengi yake hukutwa na seli zilizoharibika vibaya au saratani ambayo tayari imeanza. Doa lenye vyote viwili, weupe na wekundu, tunaliogopa kuliko doa jeupe tupu. Na kutouma kusiwatulize. Saratani ya kinywa ikiwa changa kwa kawaida haiumi. Kuwasha kwa pilipili huenda ndiyo dalili pekee itakayotolewa kwa miezi.

Meno ya kahawia yaache kwa sasa. Ugoro unatia rangi, na mikoa yetu ya kati ina visima vyenye floraidi nyingi inayobadilisha rangi ya meno tangu utotoni. Hayahusiani na doa.

Ugoro na moshi. Baba mdogo ana haki ya kujiuliza, kwa kuwa matangazo mengi ya afya yanaonesha sigara tu. Lakini shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilishachapisha mwaka 2007 hitimisho lake kwamba tumbaku isiyovutwa kwa moshi inasababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo ya kinywa. Moshi una sumu zake, ni kweli. Jani la tumbaku nalo, likikaushwa, likiiva na kuhifadhiwa, hutengeneza lenyewe kemikali ziitwazo nitrosamini, na hizo hazihitaji moto. Ukibwia ugoro unaziweka mahali pamoja, juu ya ngozi ile ile, saa kadhaa kwa siku, kwa miaka 40. Zinaingia ndani ya seli na kuharibu vinasaba, yaani yale maelekezo ambayo seli huyafuata kujua lini igawanyike na lini iache. Kosa moja seli hulirekebisha. Makosa yakirundikana, hasa kwenye maelekezo ya kuacha, ndipo panapoanza seli isiyosikia amri.

Halafu kuna magadi. Waulize wanaotengeneza ugoro, wengi wanachanganya na magadi, kama mama anavyotia magadi kwenye mlenda. Magadi hayawekwi kwa ladha tu. Nikotini iliyofungwa kwenye tumbaku hupita kwa shida kwenye ngozi ya mdomo. Magadi yanaifungua, inapita haraka kwenda kwenye damu na ubongo. Kwa hiyo ugoro wenye magadi unamshika mtu kwa nguvu, na huku magadi yenyewe yanaunguza ngozi. Ukimwona baba anashindwa kuacha, usidhani ni ukaidi. Ameshikwa na kitu kilichotengenezwa ili kishike.

Na kama baba pia anakunywa pombe, mwambie daktari. Pombe na tumbaku vikiwa pamoja, hatari huzidishwa, haijumlishwi tu.

Sasa, nini kifanyike? Kuna njia mbili za halali, na madaktari wazuri wanaweza kutofautiana kidogo. Ya kwanza ni kusema: ugoro uachwe kabisa wiki mbili hadi tatu, kila kinachokwaruza kiondolewe, fangasi itibiwe kama ipo, kisha tutazame tena kabla ya kukata. Njia hii inafaa doa jeupe jepesi, laini, lisilo na wekundu wala kidonda. Inamwepusha mzee sindano isiyo ya lazima. Ubaya wake umeuona mwenyewe: wiki mbili zimekuwa saba, na ugoro haujaachwa. Ya pili ni kukata kinyama mapema. Hii ndiyo ningeichagua mimi kwa doa lenye wekundu, lililokakamaa likibonyezwa, linalovuja damu, au kwa mtu ambaye naona wazi kwamba kurudi kwake ni kwa kubahatisha. Ikiwa daktari atakayemwona atakuta wekundu umetoweka na doa limelainika, anaweza kuchagua ya kwanza na nitamwelewa. Asichoweza kufanya mtu yeyote ni kukadiria kutoka mbali.

Majibu ya maabara yaweza kuja kwa namna tatu. Sugu tupu isiyo na seli zilizoharibika: baba anaacha ugoro na anaangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Seli zilizoanza kuharibika lakini hazijawa saratani: kulingana na ukali, doa linaondolewa lote au linafuatiliwa kwa karibu sana. Saratani: ikiwa bado ndogo, mara nyingi upasuaji ndio tiba kuu, na huenda ukatosha wenyewe. Ikiwa imepenya au imefika kwenye tezi, upasuaji unakuwa mkubwa na mionzi huongezwa kwa wiki kadhaa. Kwa mionzi hapa nchini wagonjwa wetu wengi wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Jambo moja ambalo familia nyingi hawaambiwi mapema: kabla ya mionzi ya kinywa, meno mabovu hutibiwa au kung'olewa kwanza, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida sana. Hilo ni la baadaye, na huenda baba asilihitaji kamwe.

Wapi pa kuanzia? Rudini pale pale alipong'olewa gego, wana kumbukumbu yake. Kama ni mbali au hamna raha napo, hospitali ya wilaya ina watu wa kinywa na meno. Wakiona haja, wataandika rufaa kuja Dodoma mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Baba amevuka miaka 60, ulizeni dirisha la wazee, na kama kijiji kimempa kitambulisho cha matibabu ya wazee abebe. Kama ana CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, au bima nyingine, ulizeni kabla ya siku ya kinyama kama kipimo cha maabara kimo, ili msishtuke dirishani. Mkikwama fedha, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yupo kwa ajili hiyo, na wengi wanarudi nyumbani bila kujua kwamba yupo.

Zipo dalili ambazo zikitokea msisubiri miadi, nendeni siku hiyo hiyo: damu isiyokoma mdomoni, kushindwa kumeza hata mate, kupumua kwa shida, au uvimbe chini ya taya unaokua haraka wenye homa. Na zipo nyingine ambazo mkiziona mumwambie daktari hata kama hakuuliza: kidevu au mdomo kufa ganzi, jino jingine kulegea, mdomo kutofunguka kama zamani, tezi ngumu shingoni isiyouma.

Nije kwenye kuacha ugoro. Hapana, baba hatakufa kwa kuacha ghafla, hata kwa miaka 40. Huenda watu wamechanganya na pombe. Mlevi wa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, na huyo anahitaji daktari. Nikotini haifanyi hivyo. Baba atakuwa na hasira, atakosa usingizi, kichwa kitauma, hamu ya kula itaongezeka, atashindwa kutulia. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki mbili hadi nne mwili huwa umetulia kwa sehemu kubwa, ingawa kiu ya ugoro itamjia mara moja moja kwa miezi, hasa akikaa na wenzake.

Kitu kimoja kitawachanganya msipokijua. Ugoro una tabia ya kutia ganzi kidogo, ndiyo maana wazee wanauita dawa ya meno. Akiacha, meno mabovu yaliyokuwa yamenyamazishwa yanaweza kuanza kuuma. Atasema, «mnaona, nilipokuwa nabwia sikuumwa.» Jino lilikuwa linaoza muda wote, alikuwa hasikii. Kwa hiyo akienda kuonwa doa, aombe na meno yaliyobaki yashughulikiwe, la sivyo maumivu yatamrudisha kwenye kopo la ugoro.

Namna ya kuacha. Katika uzoefu wangu, kupunguza kidogo kidogo bila tarehe kunachukua milele. Achague siku. Asichague siku ya mnada wala ya sherehe. Wiki moja kabla, mwombe ahesabu anabwia mara ngapi kwa siku na ni wakati gani ule ambao hawezi kuukosa, iwe baada ya chai, akitoka shambani, au jioni chini ya mti na wenzake. Saa hizo ndizo za kupangia. Kiu ikija haidumu, ni dakika chache, mara nyingi hazifiki kumi. Anywe maji taratibu, atafune karanga kama meno yanaruhusu, atie mswaki wa mti mdomoni, anyanyuke atembee hadi zizini na kurudi. Ubuyu usimpe kwa sasa, uchachu wake utamuunguza pale pekundu. Asihamie kwenye sigara wala tumbaku za pakiti. Na kopo liondoke nyumbani. Likibaki juu ya kabati «kwa ajili ya wageni», atalirudia.

Dawa za kusaidia zipo. Kuna vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na bigijii zenye nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwongozo wake wa 2024 unazitaja pia kwa watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi. Zinampa nikotini bila zile nitrosamini za ugoro, kisha anapunguza. Kwa baba ningependelea kibandiko, kwa sababu bigijii inahitaji meno na ina kazi ya kukaa shavuni karibu na ngozi iliyochoka. Si rahisi kupatikana vijijini na bei yake inauma. Ulizeni hospitali au maduka makubwa ya dawa Dodoma mjini, na kama baba ana ugonjwa wa moyo daktari ajue kwanza. Msipozipata, msikate tamaa. Wapo wanaoacha bila dawa. Wakiwa na mtu anayewauliza kila siku «leo je?» huwa na nafasi kubwa zaidi. Kuwa mtu huyo. Umpigie jioni, uulize, usikilize. Akiteleza siku moja asihesabu amefeli, aendelee kesho yake.

Na je, kuna faida kwa umri huo? Ipo. Kwa waliokuwa wakivuta sigara, ile hatari ya ziada ya saratani ya kinywa hupungua karibu kwa nusu kati ya miaka 5 na 10 baada ya kuacha. Mwenye miaka 63 anaweza kabisa kuiona miaka hiyo. Zaidi ya hapo, kama baba atahitaji upasuaji, vidonda vya asiyetumia tumbaku hupona vizuri, na aliyepona saratani akaendelea na tumbaku ana hatari kubwa ya kupata nyingine.

Utaongeaje naye? Wewe ni mtoto wake, na kumshinikiza mbele ya watu, hasa mbele ya baba mdogo, kutamfanya akatae kwa heshima yake tu. Mkute peke yake. Usianze na neno saratani. Muulize anachoogopa, halafu unyamaze mpaka ajibu. Akisema ni kisu, mweleze kisa cha jirani kama nilivyokueleza mimi, polepole. Akisema ni fedha, umueleze dirisha la wazee. Akisema «nimeshazeeka, niacheni», usibishane naye siku hiyo; mwambie wewe bado unamhitaji, kwa sababu ni kweli na huenda hajawahi kukusikia ukilitamka. Kama kuna mzee mwenzake aliyewahi kuacha ugoro, mwombe yeye aje kumtembelea. Neno la rika lake litaingia mahali ambapo la kwako na la kwangu haliingii. Baba mdogo usimfanye adui. Anampenda kaka yake na alizika jirani. Mwombe aende nanyi hospitali, amsikilize daktari kwa masikio yake, aulize juu ya kisu pale pale.

Na nyie wengine mlioko nyumbani? Kama hamtumii tumbaku wala pombe, kuangaliwa kinywa mnapokwenda kwa daktari wa meno kunatosha. Kwa watumiaji, ushahidi ni mzuri. Katika jimbo la Kerala, India, utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1996 uliwatumia wahudumu wa afya waliofundishwa kuangalia vinywa vya watu majumbani, kwa macho na mwanga tu, na matokeo yaliyotolewa 2005 yalionesha kuwa vifo vya saratani ya kinywa kwa watumiaji wa tumbaku au pombe vilipungua kwa takriban theluthi moja. Hakikuhitajika kipimo cha mashine. Kwa hiyo kama una kaka anayevuta sigara au anayebwia, aombe waziwazi akikaa kwenye kiti cha meno: «nitazame na saratani.» Daktari atapapasa shingo na chini ya taya, atageuza midomo nje, atavuta mashavu, atashika ulimi kwa kitambaa safi cha kufungia vidonda na kuuvuta kulia na kushoto ili aone pembeni, atatazama chini ya ulimi na kaakaa. Dakika tano hazifiki. Na kama mna ndugu mwenye ualbino, mdomo wake wa chini unahitaji kofia pana na kuangaliwa mara kwa mara, kwa sababu kwake jua linafanya kazi inayofanana na ya tumbaku.

Siku ya kwenda, mzee ale, anywe dawa zake za kawaida kama anazo, na mwambieni daktari kabla ya sindano kama anatumia dawa ya presha, ya kisukari au ya kuzuia damu kuganda. Abebe ile karatasi ya mwezi wa tano. Abebe na kopo lake la ugoro, asilifiche. Daktari atataka kujua una magadi au hauna, anauweka upande gani, na kwa muda gani. Mkikatwa kinyama, msiondoke bila kuandikiwa tarehe ya majibu na namba ya kichupa, na tarehe hiyo ikifika nenda mwenyewe kufuatilia, hata kama hakuna aliyekupigia simu.